Swali la Tatu la Fundi Waya

Fundi Waya alikuwa na kanuni moja kazini, na aliishika kwa uaminifu kuliko watu wengi wanavyoishika ndoa: hakufungua boksi la springi kabla mteja hajajibu maswali matatu. Gari hili linabeba nini? Linapita wapi? Nani atapanda? Asiyetaka kujibu alirudishiwa ufunguo wake. Aliyejibu uongo aliumbuka, maana fundi alikuwa ameshainama chini ya gari na kuyaona majibu kwenye chuma kabla hajayasikia mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kuinua magari. Gari la kwenda porini likinunuliwa huwa limekaa chini kuliko mawe na makorongo yanavyotaka, basi mwenye nalo huenda kwa fundi, springi na shokapu zikabadilishwa, tumbo la gari likawa mbali na ardhi. Wengi hudhani kuchagua seti ya kuinulia gari ni suala la kimo tu, kwamba lililo juu zaidi ndilo bora zaidi. Fundi Waya hakuwa na subira na watu wa namna hiyo.

"Nataka inchi sita," kijana mmoja mwenye miwani ya jua alimwambia mbele ya wateja wengine.

"Linapita wapi?"

"Mjini tu, fundi. Lami."

"Lami ya kwenu ina mawe?"

"Hapana."

"Basi unataka kuinua gari au kuinua pua? Pua hatuinui hapa. Nenda zako."

Watu walicheka, kijana akaondoka, na baada ya muda akarudi kwa adabu akafungiwa springi mpya za kimo kilekile cha zamani. Ndivyo fundi alivyokuwa. Mganga wa mifugo aliyetaka springi ngumu kwa ajili ya njia za machungani aliulizwa nani atapanda, akasema ni yeye na mkewe mjamzito. Fundi alimpa laini, akamwambia arudi mtoto akishazaliwa. Swali la tatu ndilo alilolithamini kuliko yote. "Mzigo haulalamiki," alikuwa akisema, "na barabara haina mgongo. Binadamu anavyo vyote viwili."

Gereji yake ilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya vipuri. Ilikuwa na shimo moja la kufanyia kazi, paa la bati lenye kipande cha plastiki cha kupitisha mwanga, na ukuta uliotundikwa springi zilizovunjika, kila moja ikiwa ushahidi wa mtu aliyedhani anajua. Wateja walikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari kilichong'olewa na kuegemezwa ukutani. Upande wa pili wa njia alikuwapo Mama Bushi, mwanamke mnene mwenye sauti kavu, aliyeuza springi, bushi za mpira, shokapu na maoni yake, na maoni aliyatoa bure.

Jina la Waya hakuzaliwa nalo. Alipewa kama mtu anavyopigwa chapa.

Miaka ya nyuma alikuwa fundi wa kampuni ya kuchimba visima. Magari yote ya kampuni yalipita mikononi mwake. Mume wa mdogo wake wa kike, shemeji yake, alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo, na kazi hiyo aliipata kwa sababu fundi alimwombea. Siku moja dereva huyo alipakia mabomba mara mbili ya kiwango ili asirudie safari, springi ya nyuma ikakatika kwenye kona, gari likalala ubavu. Hakufa mtu. Lakini bosi aliuliza nini kimetokea, na shemeji, akiwa amekalia kuti kavu, alijibu upesi kuliko alivyofikiri: "Fundi aliifunga springi kwa waya. Niliiona kwa macho yangu."

Hapakuwa na waya. Hapajawahi kuwa na waya. Lakini uongo mfupi huenda mbali kuliko ukweli mrefu, na huu ulikuwa mfupi mno. Kampuni ilimfukuza fundi siku hiyohiyo. Mafundi wenzake walianza kumwita Waya, kisha wateja, kisha hata watu wasiojua jina limetoka wapi. "Fundi Waya, suruali yangu imekatika mkanda, nifungie." Alicheka nao kwa midomo. Moyoni lile neno lilikaa kama mfupa wa samaki kooni.

Alitaka kwenda kwa bosi na mabomba yale yapimwe mbele yake. Mama yake ndiye aliyemzuia. Alimwita nyumbani kwake, ng'ambo ya korongo, akamkalisha.

"Mwanangu, ukimvua nguo mume wa dada yako, unamvua na dada yako."

"Na mimi niliyevuliwa, mama?"

"Wewe una mikono. Mikono yako itasema. Nakuomba, nyamaza."

Akanyamaza. Hapo ndipo watu wengi humsifu, na mimi simsifu. Kunyamaza kwa kusamehe ni kitu kimoja, na kunyamaza kwa kuweka akiba ni kingine. Yeye aliweka akiba. Hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Kwenye misiba na harusi alimwamkia shemeji kwa ncha za vidole. Na kila siku, akiwa chini ya magari ya watu, macho juu, mafuta yakimdondokea shingoni, aliitengeneza sentensi moja aliyokusudia kuja kuisema. Aliipunguza, akaipiga msasa kama chuma, mpaka yakabaki maneno mawili tu: Funga waya. Siku ambayo springi zitamshinda shemeji yule, atakuja, na atayasikia maneno hayo mbele ya watu.

Siku ilifika, au alidhani imefika, msimu ule mvua ilipolibomoa daraja la korongo. Shemeji, ambaye sasa alikuwa na kazi zake mwenyewe, aliingia gerejini na gari la porini alilolinunua kwa mtu. Gari lilikuwa zima, ila chini limekaa kama kuku anayeatamia.

"Habari za kazi, shemeji."

"Njema."

"Nimekuja unisaidie. Nataka kuliinua."

"Kiasi gani?"

"Inchi nne. Na springi ziwe zile ngumu kabisa, za mzigo. Na matairi makubwa zaidi." Alisema hivyo kama mtu aliyekariri alichosikia barabarani, kisha akasimama katikati ya gereji akimtazama fundi usoni. Hakuondoka. Alisimama tu, mikono imening'inia, kama anayengoja kitu.

Fundi aliona vizuri kuwa mtu huyu hajui anachoomba. Springi za mzigo hutengenezwa kwa gari linalobeba tangi la maji na vyuma kila siku ya Mungu. Springi hizo hutaka mzigo. Ukizinyima, zinalipiza: gari tupu litaruka kila jiwe, litamtikisa aliyemo mpaka meno yagongane, na kiuno kitajuta kuzaliwa. Na inchi nne pamoja na matairi makubwa humfanya mtu apande gari kama anayepanda ukuta. Mteja mwingine yeyote angeambiwa hayo, pengine kwa matusi kidogo. Huyu hakuambiwa.

Mama Bushi alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha ukutani, akingoja kurudishiwa jeki yake. "Fundi," alisema, "hujamuuliza."

"Amesema anachotaka."

"Tangu lini hilo likakutosha?"

"Tangu leo." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Shemeji alimpa. Alifungua kinywa, akakifunga, akatoka nje taratibu.

Mchana Mama Bushi alizileta springi kwenye mkokoteni, lakini hakuzishusha. "Hizi ni za gari la kubeba tangi. Shemeji yako anabeba nini?"

"Anabeba kichwa chake. Ni kizito cha kutosha."

"Mimi na wewe tumefanya kazi pamoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Muulize huyo mtu, kisha umchukie vizuri."

"Mama Bushi, wewe uza."

"Nimeuza," alisema yule mama, akazishusha kwa kishindo. "Ila mdomo wangu usiuhesabu kwenye bei."

Kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi wa kutisha. Hakuharibu kitu. Alirefusha mipira ya breki ili isivutike, akairudisha propela inayozungusha magurudumu kwenye mstari wake, akakaza kila nati na kuirudia, akapima matairi ya mbele yasivute upande. Mtu asije akasema waya tena. Hakutaka shemeji afe. Hilo liandikwe kwa haki yake. Alitaka ateseke taratibu, achekwe na majirani, aliendeshe gari lake mwenyewe na kulijutia, kisha aje mwenyewe kwa miguu yake. Kisasi kisafi, alikiita hivyo kichwani, kwa sababu hakikuwa na uongo ndani yake. Alimpa mtu alichoomba, basi.

Lakini anayejua akanyamaza mbele ya asiyejua amekwisha kusema uongo, hata kama ulimi wake ni mkavu. Shemeji alidanganya kwa maneno machache. Fundi alidanganya kwa kutosema hata moja, na akajiona ndiye mwadilifu kati ya wawili.

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu kwake. Wateja walimletea habari bila kuombwa. Mmoja alisema amemwona shemeji akishuka garini ameshika kiuno kama mama wa watoto mapacha. Mwingine alisema watoto wa mtaa wameliita lile gari Ngamia, na linapopita wanapiga mbio nyuma yake wakiimba. Hata jirani wa gereji aliyekuwa akipuliza magari rangi aliungana na kicheko.

"Fundi, jana nimempita Ngamia pale kwenye matuta," alisema mpiga rangi huyo. "Kichwa cha shemeji yako kinagonga paa kama anaitikia kila kitu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo!"

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Alikuwa hajacheka hivyo tangu alipopewa lile jina. Alilala vizuri. Alikula vizuri. Alipokwenda kumtazama mama yake kwa pikipiki, akivuka korongo kwa kuisukuma juu ya mawe, hata mama aliona.

"Una nini siku hizi, unang'aa?"

"Kazi inakwenda, mama. Na magoti?"

"Magoti ni ya kwangu, wewe niachie. Naenda kliniki kila juma, wananinyoosha."

"Unavukaje na daraja halipo? Yule jirani mwenye trekta bado anakuchukua?"

Mama alitabasamu, akamwongezea chai. "Navushwa, mwanangu. Navushwa vizuri." Kisha akamtazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme jambo. Fundi alikunywa chai yake akaondoka.

Shemeji alirudi gerejini asubuhi moja, kwa miguu, gereji imejaa. Mpiga rangi alikuwapo, madereva wawili walikuwa kwenye kile kiti, Mama Bushi alikuwa mlangoni akibishana na mtu juu ya bushi. Shati la shemeji lilikuwa na tope begani. Fundi alimwona akija tangu njia kuu, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kama wa bwana harusi. Alitoka shimoni. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka watu wote wakanyamaza.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani. "Springi zimekushinda?"

Shemeji alisimama.

"Funga waya."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kile hasa alichokiota. Mpiga rangi alijipiga paja. Dereva mmoja aliongeza, "Na kamba ya kufungia Ngamia je?" Fundi alisimama katikati ya kicheko hicho ameinua kidevu, amelipwa.

Shemeji alikwenda mpaka kwenye kile kiti cha ukutani, madereva wakampisha, akaketi. "Mama ameanguka," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yako."

Kicheko kilikatika.

"Alikuwa anashuka garini pale kliniki. Namwekea kigoda kila safari, akanyage, kwa sababu miguu haifiki chini. Leo kigoda kimepinduka. Nilikuwa nimemshika mkono, shemeji, nilimshika, ila mkono peke yake hauzuii mtu. Nyonga imevunjika. Mdogo wako yuko naye."

"Mama yangu alikuwa anafanya nini ndani ya gari lako?"

"Nililinunua kwa ajili yake. Daraja lilipoondoka, mwenye trekta alikataa kuvuka tena. Nikasema nitapata gari la kupita korongoni, nimpeleke kliniki." Alikuwa akiongea akitazama sakafu yenye mafuta. "Yeye ndiye aliyenituma kwako. Alisema, 'Nenda kwa mwanangu, usimwambie lolote kwanza. Atakuuliza maswali yake matatu. Akifika la tatu, akikuuliza nani atapanda, mwambie ni mama yako. Atashtuka. Hapohapo, kabla hajakasirika, umwombe radhi kwa lile la waya.' Akanifundisha mpaka maneno ya kusema. Nilisimama hapa nikingoja uniulize."

Sauti ya fundi ilitoka ndogo. "Ungesema tu."

"Ungeuliza tu."

"Uliomba inchi nne. Uliomba springi za mzigo."

"Nilisema nilichosikia kwa watu. Mimi najua nini? Kila mtu hapa mjini anajua kwamba kwako mtu huomba ujinga, nawe unamkatalia. Nilingoja unikatalie. Uliponiomba ufunguo nikajua hutaki hata kunisikia, na mimi nikashindwa kuanza, wala mama sikumwambia. Woga. Nina woga, shemeji, ndivyo nilivyo. Ndio ulionifanya niseme yale kwa bosi." Akainua uso, akawatazama madereva, na mpiga rangi, na Mama Bushi mlangoni. "Hapakuwa na waya. Wote msikie. Nilizidisha mzigo nikamsingizia. Sijawahi kuona waya wowote kwenye gari lililotoka mikononi mwa mtu huyu."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Maneno ambayo fundi aliyasubiri miaka yote hiyo yalikuwa yamesemwa, wazi, mbele ya mashahidi, na yeye alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki kwenye mfuko usio na kitu. Mama Bushi ndiye aliyeuokota mezani, akamtia mkononi, kwa mara ya kwanza bila maoni.

Hospitalini mama alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta. Binti yake alikuwa ameketi kando ya ukuta na hakumwamkia kaka yake. Mama alifumbua macho, akawaona wanaume wawili wamesimama pamoja miguuni pa kitanda, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu mabomba yale yalipopinduka. Akamtazama mwanawe.

"Ulimuuliza?"

Angeweza kudanganya. Shemeji angemfichia, maana woga wake ungeona haya safari hii. "Hapana, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Miaka yote nilikwambia mikono yako itasema," mama alisema. "Kumbe nayo ilikuwa imenuna." Kisha akageuza uso ukutani, akaomba aachwe na binti yake.

Fundi alilichukua lile gari. Hakumwachia mtu mwingine aliguse. Alizing'oa springi za mzigo, akafunga laini, za inchi mbili, zinazotosha kabisa mawe ya korongo lile, ndizo ambazo angezichagua siku ya kwanza kama angeuliza. Akarudisha matairi ya kawaida. Akachomelea ngazi ya chuma pembeni, pana, yenye mpira wa kuzuia kuteleza, na kishikio juu ya mlango kwa kimo cha mkono wa mwanamke mfupi. Aliijaribu mwenyewe, akipanda na kushuka mchana kutwa kama mtu aliyerukwa na akili, huku shemeji akimshikia mlango. Hawakuongea mengi. Wakati fulani shemeji alisema, "Ni laini hii," fundi akajibu, "Ndivyo ilivyotakiwa."

Zile za mzigo alizitundika ukutani pamoja na zilizovunjika, ingawa zilikuwa mpya. Wateja wakimuuliza zina kasoro gani, anawajibu kwamba hazina.

Watu wa pale waliacha kumwita Waya, na kampuni ya visima ikamtumia mtu wa kumwomba arudi. Hakurudi. Mama yake hakutembea tena. Anaishi kwa binti yake, kwenye chumba cha mbele, na lile gari lenye ngazi halijawahi kumbeba.